Umebadilisha balbu zote na dashi bado giza? Mwongozo kamili wa taa za geji kwa wenye pikapu za zamani

Malalamiko ni yaleyale. Mtu ana Hilux ya mwaka 1992, usiku akishuka Mazeras kuja mjini hajui kama anakwenda 60 au 100. Geji ya joto haionekani, ya mafuta haionekani. Ananunua balbu, anafumua dashi, anabadilisha zote, anafunga. Giza. Ananunua za LED. Nusu zinawaka, nusu hazitaki. Mwisho anamwachia fundi gari kutwa nzima, na anarudishiwa dashi inayogongagonga kila tuta kwa sababu skrubu tatu hazikurudi mahali pake.

Wengi mnaoniuliza mna mikono mizuri tu, ila mnaanzia mwisho. Balbu ni kituo cha mwisho kwenye njia ndefu ya umeme, na kwa gari linalolala kwenye hewa ya chumvi ya huku Pwani, njia huharibika mara nyingi kuliko balbu. Ndiyo maana hatua tatu za kwanza hapa chini utazifanya kabla hujafungua hata skrubu moja ya dashi.

Mfano wangu mkuu ni Hilux za 1988 hadi 1997. Nissan Hardbody, Isuzu TFR na Mazda za rika hilo zina mpango uleule: karatasi ya plastiki yenye njia za shaba nyuma ya geji, balbu ndogo kwenye holda za kuzungusha, fyuzi moja, na kitufe cha kupunguza mwanga.

## Vitu vya kuwa navyo

- Bisibisi ya nyota, ndefu na fupi, na ya bapa nyembamba. Ncha ya nyota iwe kali. Skrubu za dashi zimekaa miaka thelathini; ukila kichwa cha moja tu, kazi ya saa mbili inakuwa ya siku mbili.
- Spana namba 10 ya terminali ya betri.
- Multimita, yaani kifaa cha kupimia umeme. Ya bei nafuu inatosha. Bila hiyo utakuwa unabahatisha.
- Fyuzi za akiba, 10A na 15A.
- Kifutio cha penseli, pamba za masikio na spiriti ile mafundi wa simu wanayosafishia bodi.
- Chuma cha kulehemu cha wati 25 au 30, risasi ya kulehemu na waya mwembamba. Huenda usivihitaji.
- Simu ya kupigia picha, na vifuniko vya soda vya kutenganishia skrubu.
- Leso kuukuu ya kufunika usukani, ili kioo cha geji kisikwaruzike.

Balbu sijaziweka kwenye orodha makusudi. Usinunue mpaka uishike ya zamani mkononi.

## Hatua ya 1: Washa taa, zunguka gari

Subiri magharibi iingie, au egesha chini ya mwembe wenye kivuli kizito. Mchana wa jua balbu inayowaka kwa unyonge huwezi kuiona, utaiandika maiti na iko hai.

Zungusha swichi hadi hatua ya kwanza tu, ile ya taa ndogo. Shuka uangalie taa ndogo za mbele, za nyuma, na ya kuangazia namba ya gari. Rudi ndani uangalie mwanga wa vitufe vya hita.

Unachokiona kinakuambia pa kwenda.

Kama za nje na za ndani zote zimekufa, shida ni fyuzi au swichi yenyewe, na dashi huna haja ya kuigusa. Kama za nje zinawaka lakini ndani kote ni giza, mshuku kwanza kitufe cha kupunguza mwanga. Kama hita inawaka na geji hazina mwanga, shida iko kwenye plagi ya geji, waya wake wa hasi, au ile karatasi ya shaba. Na kama ni kona moja tu yenye giza, hapo ndipo balbu au holda yake inastahili kushukiwa.

Kuna dalili moja zaidi. Piga juu ya dashi kwa kiganja, si kwa ngumi. Mwanga ukipepesa au ukirudi, balbu zako ni nzima, kuna mahali pamelegea. Umejiokolea pesa za balbu.

## Hatua ya 2: Fyuzi, na si kwa kuitazama tu

Kwenye sanduku la fyuzi la ndani, Toyota huandika TAIL kwenye fyuzi ya taa ndogo, taa za nyuma na taa za dashi. Ile iliyoandikwa GAUGE inalisha mishale na taa za onyo, watu huzichanganya. Mishale ikiwa inafanya kazi na mwanga ndio haupo, shughulika na TAIL.

Usiitoe kwanza. Weka multimita kwenye volti za DC, kiwango cha 20. Ncha nyeusi kwenye chuma kitupu cha bodi, nyekundu iguse vile vituo viwili vidogo juu ya mgongo wa fyuzi, kimoja baada ya kingine, taa zikiwa zimewashwa.

Ukifaulu: pande zote mbili zinasoma karibu na volti za betri, yaani 12 na kitu. Upande mmoja ukiwa na 12 na wa pili sifuri, fyuzi imekatika. Pande zote sifuri, umeme haufiki hapo. Fuata swichi ya taa.

Sasa itoe uitazame miguu. Huku kwetu utakuta mara nyingi uzi wa ndani ni mzima kabisa, ila miguu ina unga wa kijani. Kijani hicho ni kutu ya shaba, na umeme hauipendi. Sugua miguu kwa kifutio, ichomeke na kuichomoa mara kadhaa ili ikwangue na ndani ya sanduku.

Onyo: ikiungua, rudisha ukubwa uleule ulioandikwa kwenye kifuniko. Ukiweka ya 30A au karatasi ya sigara, kitakachoungua mara ya pili ni waya, na waya ule unapita nyuma ya dashi yako.

Fyuzi ikiungua tena papo hapo, nenda nyuma ya gari. Pikapu hizi zina waya unaotambaa kwenye chasi hadi taa za nyuma, na huko ndiko kwenye mateso: maji ya barafu ya samaki yanayochuruzika kutoka kwenye kreti, mchanga mbichi, tope la mvua za masika. Fungua taa ya namba ya gari. Utaona holda imeliwa hadi imekuwa unga mweupe na kijani, na waya wa chanya umelala juu ya chuma. Chomoa plagi ya taa za nyuma, weka fyuzi mpya, washa. Ikidumu, mkosaji yuko nyuma, na dashi ilikuwa inaonewa tu.

## Hatua ya 3: Kitufe cha kupunguza mwanga

Hiki ndicho kinachowashinda wengi, kwa sababu hawajui kama kipo. Ni kigurudumu au kitufe kidogo karibu na usukani, na kwenye gari la zamani huenda hakijaguswa miaka kumi. Ndani yake kuna waya uliosokotwa na kijiulimi kinachoteleza juu yake. Kijiulimi kikikaa mahali pamoja muda mrefu, hewa ya chumvi hukila.

Taa zikiwa zimewashwa, kizungushe kutoka mwanzo hadi mwisho, polepole, mara ishirini hivi. Mwanga ukija na kupotea unapozungusha, umeshapata ugonjwa. Endelea kukizungusha, mara nyingi kinajisafisha chenyewe na kazi inaishia hapo.

Kisipokubali, kichomoe uangalie plagi yake. Ikiwa na waya mbili tu, ziunganishe kwa kipande cha waya kwa sekunde chache. Taa zikiwaka zote, kitufe kimekufa: kitafute kwenye spea za mitumba, au kifungue upulizie dawa ya kusafishia vituo vya umeme. Ikiwa na waya tatu, usiunganishe chochote. Hicho kina kielektroniki ndani, na waya mmoja ni wa hasi. Ukikosea unapiga shoti.

## Hatua ya 4: Kutoa kasha la geji

Umefika hapa kwa sababu fyuzi na kitufe ni vizima. Sasa ndiyo unafungua.

Toa terminali ya hasi ya betri kwanza, kwa spana ya 10. Sababu ni kwamba bisibisi yako itagusa chuma huko ndani, hakuna ujanja. Kama redio inahitaji namba ya siri, itafute kabla.

Shusha usukani hadi chini kama unashuka, uufunike kwa leso. Anza na fremu ya plastiki inayozunguka geji. Skrubu zake hujificha juu, ndani ya ukingo, mahali ambapo jicho la dereva halifiki. Inama utazame kwa tochi kutoka chini. Ukivuta na fremu inakataa upande mmoja, kuna skrubu hujaiona. Usilazimishe. Plastiki iliyopigwa na jua la Mombasa miaka yote hii haikunjiki, inavunjika, na fremu nzima isiyo na ufa ni adimu kuipata.

Fremu ikilegea, usiivute yote: swichi za pembeni zina plagi nyuma yake. Bonyeza ulimi wa kila plagi na uvute plagi yenyewe, kamwe usivute waya. Piga picha kabla ya kila plagi.

Kisha skrubu za kasha lenyewe, kwa kawaida nne. Livute kwako kidogo, upenyeze mkono nyuma. Utakutana na kebo ya spidomita, nene kama kidole. Ina ulimi wa plastiki: ubonyeze, vuta kebo moja kwa moja bila kuisokota. Kama kebo ni fupi na mkono haupiti, mtu asukume kebo kutoka upande wa injini pale inapopita ukutani. Itakupa sentimita chache, nazo zinatosha.

Ukifaulu: kasha liko mezani juu ya kitambaa, kioo kikitazama chini, hakuna kilichovunjika, na vifuniko vya soda vina skrubu za kila mahali peke yake.

## Hatua ya 5: Pima plagi kabla ya kulaumu kasha

Hapa wengi huruka, na ndipo wanapofelia. Rudisha terminali ya betri, hakikisha plagi zilizoning'inia hazigusi chuma, washa taa ndogo.

Tafuta waya wa taa kwenye plagi za geji. Kwenye Toyota nyingi ni wa kijani, ila gari hizi zimepita mikono mingi, kwa hiyo thibitisha: ni ule unaosoma 12 taa zikiwashwa na sifuri zikizimwa.

Usipoupata, waya umekatika kati ya fyuzi na hapo. Ukiupata, bado kuna upande wa kurudi. Acha ncha nyekundu kwenye waya huo, na ile nyeusi ihamishe kutoka kwenye bodi hadi kwenye waya wa hasi wa plagi, kitufe cha mwanga kikiwa kimefunguliwa hadi mwisho. Ikiwa kwenye bodi unasoma 12.4 na kwenye waya wa hasi unasoma 7 au inachezacheza, umeme unafika lakini hauna njia ya kurudi. Fuata waya huo hadi ulipofungwa kwenye bodi, mara nyingi kwa boliti chini ya dashi pembeni. Fungua boliti, sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, funga tena kwa nguvu.

Kama plagi inatoa umeme vizuri na hasi yake ni nzima, zima, toa terminali tena. Ugonjwa uko mezani.

## Hatua ya 6: Balbu na holda zake

Nyuma ya kasha utaona vichwa vya plastiki vyenye mkato katikati. Hizo ni holda. Piga picha ya nyuma yote kwanza, kwa sababu balbu za mwanga na za onyo zinafanana na si lazima ziwe sawa.

Izungushe holda robo mzunguko kinyume cha saa, itoke. Balbu inachomoka kwa kuvutwa tu. Weka multimita kwenye ohm, gusa nyaya mbili za chini ya balbu: namba ndogo ya ohm chache maana yake ni nzima, isiposoma kitu, imekatika. Kioo kikiwa cheusi badilisha hata kama inapima, haina siku nyingi.

Sasa ndiyo uende dukani na balbu mkononi. Kubwa ni T10 ya volti 12, wati 3.4. Ndogo ni T5, wati 1.2 au 1.4. Muuzaji atakupa T10 ya wati 5, kwa sababu ndiyo inayouzwa kila siku kwa taa ndogo za mbele na inaingia bila shida. Ikatae. Joto lake ndani ya kasha lililofungwa linayeyusha kofia za rangi zinazovikwa balbu, linaunguza njia za shaba, na baada ya miezi utakuwa na doa la kahawia nyuma ya spidomita. Soma maandishi kwenye chuma au kioo cha balbu, usisome midomo ya muuzaji.

Kabla ya kurudisha, tazama miguu ya shaba ya holda. Hii ndiyo inayofanya mtu aweke balbu mpya na bado asione mwanga: miguu imelala, haibani tena ile karatasi. Inua kila mguu kidogo sana kwa bisibisi nyembamba, isugue kwa kifutio. Ukiinua kupita kiasi utauvunja. Ukirudisha holda unatakiwa kusikia upinzani kidogo inapozunguka. Ikizunguka bure, bado haijabana.

## Hatua ya 7: Karatasi ya shaba

Ipitishe machoni taratibu kwa tochi. Unatafuta mahali peusi, palipopasuka, au shaba iliyonyanyuka. Pale holda zinapokaa na pale plagi inapoingia, sugua kwa kifutio cha penseli mpaka shaba irudi rangi yake, kisha pangusa kwa spiriti na uache pakauke. Kisu na msasa hapana. Shaba ile ni nyembamba mno.

Njia ikiwa imekatika, ipime kwa ohm kutoka plagi hadi holda ili uwe na hakika. Kisha ivushe kwa waya mwembamba: kwaruza kidogo pande zote mbili za ufa, paka risasi, lehemu kwa sekunde mbili tatu na uondoe chuma. Ukikawia, plastiki inajikunja na una tatizo jipya.

Ukiwa umeshafungua, pangusa vumbi ndani ya njia za mwanga kwa pamba kavu. Kioo cha mbele kinataka maji na sabuni tu. Petroli na thina zinakifanya ukungu wa milele. Na mishale usiiguse.

## Hatua ya 8: Ijaribu mezani

Usirudishe kwa imani. Leta waya mbili kutoka betri, wa chanya uwe na fyuzi ya 3A njiani. Balbu nne za wati 3.4 hula kama ampea 1.1, kwa hiyo 3A inatosha na inakulinda. Gusa vituo vya taa kwenye karatasi, vilevile ulivyoviona kwenye plagi.

Ukifaulu: zote zinawaka kwa nguvu sawa, na ukigonga kasha kwa kidole hakuna inayopepesa. Ikipepesa hata moja, rudi Hatua ya 6. Mezani ni dakika mbili. Ndani ya dashi ni saa nzima.

## Wanaotaka LED

Sizikatazi, ila jua mambo yake. LED ina upande: isipowaka, itoe uigeuze. Chagua zinazotawanya mwanga pembeni, kwa sababu zile za kuangaza mbele tu zinakupa doa jeupe kwenye 80 na giza kwenye 120. Kitufe cha kupunguza mwanga huenda kisizipunguze vizuri.

Na kuna moja ambayo usiibadilishe kabisa: balbu ya onyo yenye alama ya betri. Kwenye pikapu nyingi za zamani, umeme mdogo unaopita kwenye uzi wa balbu hiyo ndio unaoamsha oltaneta, ile mashine inayochaji betri injini ikizunguka. LED hupitisha umeme mdogo mno, na oltaneta inaweza isichaji. Mtu anapata dashi ya buluu inayopendeza, asubuhi betri imelala, halafu anauziwa oltaneta asiyoihitaji. Hapo weka balbu ya uzi, ukubwa uleule.

## Hatua ya 9: Kurudisha

Kebo ya spidomita kwanza. Isukume moja kwa moja hadi ulimi wake ulie *tak*. Kisha plagi, kisha kasha, na kabla ya fremu rudisha betri ujaribu kila kitu: taa ndogo, taa kubwa, fulu, indiketa zote mbili. Geuza ufunguo bila kuwasha injini: taa ya betri na ya oili lazima ziwake. Washa injini: lazima zizime. Taa ya betri isipowaka kabisa ufunguo ukigeuzwa, holda yake haijabana au umeweka LED. Usiende popote kabla hujaitengeneza.

Skrubu zifunge kwa mkono, zikikaza inatosha. Kisha toka uendeshe kidogo, usiku, mahali penye matuta. Mshale wa spidomita ukitetemeka au ukibaki sifuri, kebo haikuingia vizuri au imekunjwa kona kali nyuma ya kasha. Legeza kasha, inyooshe, isukume tena.